Tope Husukumwa, Halichotwi: Kusafisha Yadi kwa Bobcat Wakati wa Masika

Bobcat yangu ilipofika Uyole, hapa Mbeya, kutoka bandarini Dar es Salaam ilikuja na boksi la chuma ambalo hakuna aliyejua kazi yake. Upana futi nane, mbele wazi, juu wazi, chini wazi, kuta mbili pembeni, na kwenye ukingo wa chini, pale ambapo mtu angetegemea meno, pana mpira mweusi mnene kama dole gumba. Fundi wa kuchomelea, jirani yangu, alilizunguka mara mbili, akagonga ubavu kwa nyundo, akasema, “Kaka, hapa kuna geti zima na chenji inabaki.” Nilikuwa karibu kukubali. Kilichoniokoa ni uvivu wa kulibeba. Tukaliegesha nyuma ya nyumba, tukalifunika bati, na kuku wa mama watoto wakatagia humo mpaka mvua za Novemba.

Ubavuni palikuwa na kibandiko kilichochubuka: mchoro wa mashine ikisukuma lundo jeupe. Theluji. Mimi theluji naijua ya Kilimanjaro, tena ya kwenye picha. Huku kwetu tunaishia kwenye umande unaoganda kule Kitulo mwezi wa sita na wa saba. Ila tope tunalo. Upande wa Tukuyu mvua ya mwaka inapita milimita 2,000, inaanza Novemba na mara nyingi Mei bado inadondoka. Kila yadi ya chai, ya viazi, ya mbao, ya kulaza malori, inakuwa uji. Masika ile ya kwanza nilipewa yadi ya ghala moja hapa mjini, nikaingia na baketi kama nilivyozoea kuchota mchanga. Nilichota kutwa nzima. Tipa liliondoka na supu, nusu ikamwagika barabarani, na jioni meneja akanionyesha sakafu: michirizi ya tope kila nilipopita, kama mtu aliyefagia kwa mti. Usiku nikawatoa kuku.

Haya ninayoandika ni kwa opereta mwenzangu, au kwa mwenye mashine anayetaka kuuza kazi ya kusafisha yadi za biashara masika badala ya kuiacha mashine ilale mpaka kiangazi. Ninasema Bobcat kwa mazoea ya mtaani, hata kama yako imeandikwa jina jingine: kile kijiko kidogo chenye magurudumu manne yasiyokata kona, kinachogeuka kwa kuburuza upande mmoja. Hakikuzaliwa kwenye ujenzi. Ndugu wawili wa Minnesota, Marekani, Cyril na Louis Keller, walikitengeneza mwaka 1957 kwa ajili ya mfugaji wa bata mzinga aliyetaka kutoa mbolea ndani ya banda lenye nguzo nyingi. Wakati huo kilikuwa na magurudumu matatu. Yale manne yalikuja 1960. Kwa hiyo ukitumwa kutoa uchafu mahali pembamba penye nguzo, usijione umeshushwa cheo. Ndiyo kazi yake ya asili.

Tuanze na uzito, maana makosa mengi yanaanzia hapo. Theluji mpya, mita ya ujazo moja, mara nyingi haivuki kilo 100. Tope bichi la ukubwa huohuo linapita kilo 1,700. Boksi langu likijaa mpaka juu linameza kama mita za ujazo mbili. Kwa theluji mpya hizo ni kilo 200, mtoto anacheza. Kwa tope ni zaidi ya tani tatu, na mashine yenyewe ina tani tatu. Haitasukuma. Magurudumu yatazunguka palepale, yatachimba, na utakuwa umemtengenezea mteja shimo badala ya kumsafishia yadi. Kwa hiyo boksi la theluji kwenye tope linajazwa robo tu, na mwendo ni wa mtu anayetembea kwenda sokoni bila haraka. Ukisikia injini inalalamika, usiongeze mafuta. Inua boksi kidogo, acha nusu ya mzigo palepale, endelea na nusu, kisha urudi kuchukua iliyobaki.

Ukiwa na baketi hesabu ni nyingine. Kwenye kitabu cha mashine kuna uzito wa kubeba kwa usalama. Kwa mashine ya matairi ni nusu ya ule uzito ambao ungeibinua mbele. Yangu imeandikwa kilo 800. Baketi yangu ikijaa tope inakaribia huko huko, na tope linayumba, halikai kama kokoto. Ndiyo maana nasema tope husukumwa. Kuchota ni kwa lile lundo la mwisho tu, linapopakiwa kwenye tipa.

Sasa, tope gani? Utingo wangu ana lugha yake, nami nimeichukua kama ilivyo. Kuna uji, kuna ugali, kuna tofali. Uji ni tope la siku ile ile, linatiririka, ukiweka fimbo inaanguka. Hapo boksi la mpira halina mpinzani, linapita likiacha sakafu kama imepigwa deki. Ugali ni tope la siku mbili baada ya jua kupiga kidogo. Linanata, linapanda ukutani mwa boksi na halishuki, kila ukirudi umebeba kilo mia za bure. Ugali ni wa baketi yenye ukingo usio na meno. Tofali ni tope lililokauka na kukanyagwa na malori wiki nzima, na hilo linahitaji baketi tena kwa subira, ukikwangua kwa pembe ndogo. Baketi ya meno usiilete kwenye zege wala pavingi. Itatoa tope na zege lake.

Kwa hiyo saa ya kufika ni nusu ya kazi. Mvua ikikatika usiku, mimi niko getini saa kumi alfajiri, uji ungali uji, na malori hayajaanza kuutwanga. Mpaka saa moja asubuhi wapakiaji wanapofika nimemaliza. Ukienda saa nne utakuta ugali, watu, bodaboda, na dada wa chai katikati ya yadi na chupa zake. Udongo nao una tabia zake. Wa hapa Mbeya una majivu ya volkano na vijiwe vyepesi, unasukumika vizuri na maji yanaupita. Ule mwekundu wa kuelekea Tukuyu unateleza kama sabuni ukilowa, na ukikauka unashika kama gundi. Huko dirisha lako la uji ni dogo. Usilale.

Kazi yenyewe lakini inaanza Oktoba, yadi ikiwa kavu. Hili nililijifunza kwa fedha yangu. Kwenye ile yadi ya ghala, masika ya pili, nilikuwa nimeshakuwa hodari wa boksi, nikawa nasukuma kwa raha gizani. Chini ya tope palikuwa na mfuniko wa chemba umeinuka kuliko sakafu kwa unene wa vidole viwili. Mpira ulipita juu yake bila neno. Kiatu cha pembeni, kile chuma ambacho boksi linatembelea, hakikupita: kiliung’oa mfuniko, mimi nikaendelea mbele, gurudumu la kushoto likazama mpaka kwenye ekseli. Ilichukua saa nne na lori moja la mbao kunitoa. Nililipa mfuniko, nikalipa lori, na harufu ya ile chemba ilikaa na mimi mpaka Jumapili kanisani.

Tangu hapo, kabla ya mvua, naizunguka yadi kwa miguu na mlinzi. Si na meneja. Meneja anajua ofisi. Mlinzi amekesha pale masika kumi. “Shikamoo mzee.” “Marahaba mwanangu, umekuja na lile boksi lako?” Kisha ananionyesha maji yanapita wapi, mtaro upi huziba kwanza, lori gani lilivunja ukingo wa zege na halikusema. Kila chemba, kila bomba linalochomoza, kila tuta na kona ya mtaro inapata mwanzi wa futi nne uliopakwa rangi nyekundu nchani. Wenzetu wa nchi za theluji hufanya hivihivi, huchomeka vijiti vya rangi kingo zote kabla ya baridi, maana theluji ikishaanguka kila kitu ni cheupe na hujui maua yako wapi. Kwetu kila kitu kinakuwa kahawia. Halafu napiga picha kwa simu: nyufa, pavingi zilizokwishazama, nguzo zilizokwanguliwa. Picha hizo zimenitetea mara mbili.

Katika kuzunguka huko amua pia tope litaenda wapi. Opereta wengi hulifikiria hili wakiwa wameshasukuma. Lundo la theluji, majira yakibadilika, linayeyuka lenyewe, na tatizo lao kubwa ni kuliweka mahali ambapo maji yake hayatarudi kuganda njiani. Letu haliyeyuki. Mvua ya kesho italirudisha ulikolitoa. Usiliweke upande wa juu wa mteremko, wala juu ya mtaro, wala kando ya geti ambapo litamziba dereva asione barabara. Tafuta kona ya chini iliyo nje ya njia ya maji, yenye nafasi ya tipa kuingia na kutoka, na uelewane na mwenye yadi siku ya kulizoa. Tope la yadi ya viazi au chai mara nyingi lina mwenye shamba anayelitaka. La yadi ya malori lenye oili na dizeli usimpe mtu alimwage shambani, hata akikubembeleza.

Kufunga boksi kwenye mashine si kazi ya kusimulia sana, ila kuna jambo moja. Ukishasogea, ukanasa na kusukuma zile leva mbili za kufungia chini, mikono ya mashine ikiwa chini, zima injini, shuka, inama, utazame kwa macho yako. Pini mbili lazima ziwe zimepenya matundu ya chini na kutokeza upande wa pili, zote mbili. Tope likikaa ndani ya lile tundu leva itashuka kama kawaida huku pini ikiwa haijaingia, nawe utajua siku boksi linapodondoka. Nina msumari mrefu wa kuchokolea matundu hayo, unaning’inia kwenye kamba mlangoni.

Baada ya hapo viatu. Boksi linatembea juu ya viatu viwili vya chuma, kimoja kila upande, na ndivyo vinavyobeba uzito. Mpira unagusa tu. Weka mashine mahali pa zege pasawa, shusha mikono mpaka mwisho, kisha tumia leva ya kubinua mpaka viatu vilale bapa, kisigino na ncha vyote chini. Nilikuwa nikikadiria kutoka kitini. Kutoka kitini huoni. Sasa nachukua kipande cha karatasi cha daftari, nakichomeka chini ya ncha ya kiatu, kisha chini ya kisigino. Kikipita upande mmoja na kukwama upande mwingine, boksi limeinama. Na kama huna muda wa karatasi, viatu vyenyewe vinasema: geuza boksi baada ya wiki utazame chini yake. Viatu vyangu vya kwanza vilikuwa vimelika ncha kama soli za mtu anayetembea kwa vidole, ndipo nikajua nimekuwa nikiinamisha boksi mbele muda wote, na mpira nao ulikuwa umelika upande huohuo. Kiatu kilichokaa sawa kinalika bapa.

Kisha weka floti. Ile hali ambayo leva ya mikono ukiisukuma kupita mwisho wake wa kawaida inabaki huko, na mikono inalegea ikifuata ardhi inavyopanda na kushuka. Opereta waliokulia kwenye baketi hawaipendi. Wanataka kukandamiza, wanadhani ukigandamiza chini ndivyo tope linavyotoka. Ukikandamiza boksi unainua magurudumu ya mbele, na mashine iliyoinuliwa magurudumu haina nguvu ya kusukuma wala usukani. Mpira nao unakunjika chini yako na tope linapita juu yake. Nilimfundisha kijana mmoja kazi hii, nikampigia kelele mpaka sauti ikakauka, “Achia mikono, mdogo wangu, achia!” Alipoachia alisimamisha mashine akageuka nyuma kutazama. Sakafu ilikuwa imetoka nyeupe.

Mpangilio wa kupita ni huu. Anza na milango ya ghala na kuta, kwa baketi, kabla hujafunga boksi. Sogea mpaka ukutani, shusha baketi, ibinue kidogo ukingo uguse chini, weka floti, rudi nyuma mita nne au tano ukiburuta tope kuja kwako. Fanya hivyo mlango kwa mlango. Boksi la kawaida haliwezi kuburuta. Kazi yake ni mbele tu. Ukimaliza kuta zote ndipo ubadilishe. Ukianza na boksi utabadilisha mara tatu kabla ya saa mbili.

Kwa boksi, kama yadi ni pana, pasua katikati kwanza, kisha sukuma kuelekea kingo, kila mpito ukipanda juu ya ule wa kwanza kwa unyayo mmoja. Misukumo iwe mifupi. Mita kumi na tano zinatosha; tope linaongezeka kila hatua na robo ya boksi inajaa kabla hujatarajia. Na usigeuke palepale. Hii mashine inageuka kwa kuburuza matairi, kwenye zege lenye tope utasikia raha, kwenye pavingi utazing’oa moja baada ya nyingine, na kwenye moramu utachimba bakuli ambalo kesho litakuwa bwawa. Rudi nyuma kwa mstari, kata kidogo, rudi tena, kama dereva wa semi anavyojipanga kwenye geti. Ni polepole. Pavingi moja kurudishwa ni polepole zaidi.

Mteremko unataka akili. Kanuni ya mashine hii ni kwamba upande mzito utazame mlimani. Baketi ikiwa tupu, uzito uko nyuma kwenye injini, kwa hiyo unapanda kinyumenyume na kuteremka mbele. Baketi ikiwa na mzigo, uzito umehamia mbele, unapanda mbele na kuteremka kinyumenyume. Kwa kusukuma tope hilo linakuja vizuri lenyewe: unasukuma ukiteremka, unarudi kinyumenyume ukipanda. Siku moja upande wa Rungwe, kwenye yadi ya majani ya chai, nilipanda mbele nikiwa na baketi tupu kwa sababu nilitaka kuona ninakokwenda. Tope jekundu, juu ya zege. Nilifika katikati, mbele ikawa nyepesi, mashine yote ikaanza kurudi yenyewe, magurudumu yakiwa yamesimama kabisa, polepole, kama mtu anayeketi. Tulisimama kwenye rundo la magunia. Wale akina mama wachambuaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kamwe usipite mteremko kwa ubavu, na mwisho wa kila msukumo wa kuteremka pawe na kitu cha kukupokea, si mtaro.

Kuhusu watu, sitanii. Nyuma ya Bobcat huoni. Injini iko juu na pana, vioo havisaidii sana, na kazi yenyewe nusu ni kurudi nyuma. Mimi siwashi bila utingo mwenye filimbi aliyesimama ninapomwona, na tumekubaliana: nisipomwona, nasimama. King’ora cha kurudi nyuma kiwe kinalia, hata kama jirani analalamika saa kumi alfajiri. Usiingie wala kushuka mikono ikiwa juu. Kama fundi lazima afanye kazi chini yake, ile nguzo ya kuzuia mikono iwe imefungwa, si gogo. Na ile fito ya kitini inayofunga haidroliki ukiiinua, kuna watu huifunga waya isiwasumbue. Ukinunua mashine ya mtumba, hilo ndilo la kwanza kukagua.

Mashine inaumia na tope kwa njia za kimyakimya. Asubuhi, kabla ya kazi, iache injini ingurume dakika tano au zaidi. Baridi ya Uyole mwezi wa pili alfajiri si ya Kitulo, lakini oili ya haidroliki imekuwa nzito na ukiilazimisha seli, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, zinalia. Grisi kwenye pini za mikono kila siku ya kazi, mpaka ile ya zamani itoke na tope lake. Rejeta iko nyuma, inavuta kila kitu, ifungue na kuisafisha kila jioni. Chini ya injini kuna bamba. Tope, majani na mafuta hukusanyika hapo, na vikikauka kiangazi ni kuni zenye mafuta ya taa. Lifungue angalau mara moja kwa mwezi. Ukiosha kwa mashine ya presha usielekeze mdomo kwenye soketi za nyaya wala kwenye seli.

Mara moja tu boksi limefanya kazi iliyolileta duniani, au karibu na hiyo. Ilikuwa kwenye ghala la viazi kule juu njia ya Isyonje, saa tisa mchana, mvua ya mawe ikapiga nusu saa. Ilipoacha, yadi ilikuwa nyeupe kuvuka kifundo cha mguu, mitaro imeziba kwa barafu na maji yanaanza kuingia chini ya milango. Nilikwenda na boksi. Lilijaa mpaka juu kwa mara ya kwanza, na mashine haikuguna. Nilisukuma yadi nzima injini ikiwa haijapata hata moto vizuri, nikafungua mitaro kwanza, maana maji ndiyo yaliyokuwa na haraka. Watoto walikuwa wanakula mawe yale. Mwenye ghala aliuliza kama amwage chumvi kama alivyoona kwenye video za Ulaya. Nilimwambia huku jua la kesho linatosha, na chumvi itamla bati na shamba lake.

Bei sasa. Kwa saa, kwa safari, au kwa msimu. Kwa saa ndivyo wote tulivyoanza, na ndiyo bei mbaya kuliko zote kwa opereta mzuri: nilipojifunza boksi, kazi ya kutwa ikawa ya saa mbili na nusu, na malipo nayo yakapungua hivyohivyo. Sasa natoza kwa safari, na kwenye karatasi ya makubaliano kuna mstari mmoja niliouiba kwa watu wa theluji. Mikataba yao mingi husema mashine inakuja theluji ikifika kimo fulani, bila kusubiri kupigiwa simu. Yangu inasema: tope likifika vidole viwili mbele ya mlango wa kupakilia, nakuja. Mlinzi anapima kwa vidole vyake, ananitumia ujumbe. Hakuna ubishi wa “leo si sana”. Kuzoa lundo kwa tipa ni bei ya pembeni, iandikwe, la sivyo utajikuta umezoa bure. Bei ya msimu nimeikubali kwa wateja wawili tu, ambao yadi zao ni zege tupu. Yadi ya udongo kwa bei ya msimu ni kuomba hasara, maana utakuwa unasukuma yadi yenyewe, tabaka kwa tabaka, mpaka Mei.

Mpira wa boksi unalika. Wangu ulikuwa na pande mbili, nikaugeuza baada ya masika ya kwanza, na wa pili ukaisha. Kuagiza mwingine bei yake ilinifanya nikae chini. Nilikwenda kwenye mtambo wa kokoto, nikanunua kipande cha mkanda wa kusafirishia mawe uliochakaa, ule wenye nyuzi ndani. Tukakata vipande viwili vya futi nane, tukavilaza kimoja juu ya kingine, tukatoboa matundu kwa kufuata ule wa zamani, na mbele yake tukaweka bapa la chuma la kubana ili bolti zisivute na kuuchana. Kata mpira uzidi chini ya viatu kwa unene wa kidole kimoja, usizidi hapo, maana ukizidi unakunjika. Yule fundi jirani ndiye aliyechomelea bapa. Alipomaliza alilizunguka boksi tena, mara mbili, akaniuliza kama bado siliuzi.